Supu Iliyongoja Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe ipo, ila usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake imefungiwa kabatini, inangoja mgeni rasmi aje kuizindua. Na jiji la Sambwarika nalo lipo ndani ya nchi hiyo, si kubwa la kutisha wala si dogo la kuonewa huruma, na kwa miaka minne mfululizo limekuwa likikua kuliko majiji yote ya kimo chake. Wenyeji wameambiwa hivyo redioni. Kabla ya kuambiwa, maskini, walikuwa wanadhani wana shida.

Kukua kwa Sambwarika hakupimwi kwa kubahatisha. Kunapimwa kwa tepe. Utepe mmoja ukikatwa, jiji limekua mara moja. Ukikatwa mwingine palepale, limekua mara mbili. Ndiyo maana soko la samaki lilizinduliwa kabla ya kuezekwa, likazinduliwa baada ya kuezekwa, na upepo ulipobeba mabati likazinduliwa tena kama soko la wazi. Ndiyo maana vyoo vya umma vya Uwanja wa Ukombozi, vyenye milango arobaini, vilishapata wageni rasmi watatu, mmoja wao waziri. Milango hiyo ilichorwa ukutani kwa rangi ya mafuta na mchora mabango mmoja aitwaye Chaurembo, tena kwa ustadi mpaka vitasa vinang'aa. Mgeni wa mji aliyebanwa hukimbilia kitasa akakuta ameshika ukuta. Nyuma ya ukuta hakuna choo. Kuna nyasi na mbuzi.

"Mimi niliagizwa milango," Chaurembo alikuwa akijitetea kila asubuhi huku akikamulia ndimu bakulini. "Choo hawakuniagiza."

"Ungewauliza," Bi Siwatu muuza supu anamwambia.

"Niwaulize wanaponilipa? Wewe nawe! Nitilie kongoro lingine."

Bi Siwatu Machela ndiye mwenye kibanda cha supu kwenye kona ya Machinjioni, na kama hujafika pale hujafika Sambwarika. Mabenchi sita, mabati juu, jiko la kuni katikati na sufuria ambayo mtoto wa darasa la pili angeweza kuogea. Supu ya makongoro kuanzia alfajiri. Kila habari ya mji ilipita pale kabla ya kufika kwa wenyewe: nani kaachwa, nani kahamishwa kazi, nani kaoa tena na mkewe wa kwanza hajui. Bi Siwatu mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mpana, wa kucheka kwa mabega, na asiyependa kuona benchi lina nafasi. Ukikaa peke yako anakuletea mtu wa kukaa naye.

Ila jambo moja alikuwa hacheki nalo. Supu yake hailali. Adhana ya alasiri ikisikika, iwe imebaki mabakuli mawili au ishirini, inatoka. Nje wanakuwa wameshapanga foleni mbwa saba wa machinjioni, wanaojua saa kuliko mtumishi yeyote wa jiji, na anawamiminia yote kwenye karai lao. Halafu anasugua sufuria kwa majivu na mchanga, anaifunika chini juu pale kizingitini, watu wote waione. Hiyo ndiyo ilikuwa saini yake. Kwa miaka kumi na tisa mji ulikuwa ukipita jioni ukaona tako la sufuria linang'aa, ukajua kesho kuna supu ya kesho.

Na alikuwa na sababu. Mama yake naye alikuwa muuza supu, katika mji mwingine. Siku moja, moja tu, akailaza ya jana akaichanganya na ya leo, akaipeleka harusini. Bwana harusi alikimbia nje kabla hajafunua shela. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Watoto wa shule walimwita Mama Mharo mpaka yeye na Siwatu wakahama, na hata walikohamia jina likawafuata. Bi Siwatu alilizika jina hilo pamoja na mama yake, na hakutaka lifufuke.

Sasa basi. Likaja agizo kutoka makao makuu kwamba baada ya siku kumi na moja Mheshimiwa Waziri wa Ukuaji, Fursa na Matumaini atafika Sambwarika kuzindua kitu.

Kitu gani? Agizo halikusema. Agizo halina kazi ya kufikiri. Kazi hiyo ilikuwa ya Bwana Dismas Lwambo, Afisa Ukuaji wa Jiji, kijana mwembamba wa suti ya bluu, mtunza tepe na mikasi mitatu: wa dhahabu wa mawaziri, wa fedha wa wakuu wa mikoa, na mwingine wa kawaida ambao pia alikatia kucha. Lwambo aliuzunguka mji tangu alfajiri akitafuta kisichozinduliwa. Shule, zimekwisha. Zahanati, imekwisha, na kitanda chake kimoja kilizinduliwa peke yake. Daraja lilikwisha zamani, na mto wenyewe ulikauka ukingoja zamu yake. Saa tano asubuhi akaangukia kwenye benchi la Bi Siwatu, mahali anapokula kila siku, kauma midomo.

Akala. Akainua uso. Akaona watu thelathini na wanne kwenye mabenchi ya watu ishirini na wanne, wengine wamesimama na mabakuli mkononi, mvuke, kelele, mama wa mihogo nje, kinyozi mlango wa pili akinyoa wanaongoja zamu. Macho yakamtoka.

"Bi Siwatu, kibanda hiki kilizinduliwa lini?"

"Kizinduliwe na nani tena? Mimi nafungua kila siku alfajiri."

"Kwa utepe?"

"Kwa ufunguo, baba."

Lwambo akaweka kijiko chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari kwamba karithi nyumba. "Yaani miaka yote hiyo watu wanakula humu na hakijazinduliwa? Basi kitaalamu, Bi Siwatu, hakipo."

"Na hiki ninachotafuna?" akauliza Chaurembo, shavu limejaa.

"Nacho hakipo. Kiteme."

Watu wakacheka. Bi Siwatu akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Alikuwa angali anacheka Lwambo aliporudi na askari wawili, fundi wa kufuli, na chupa ya lakiri nyekundu. Kicheko kikaisha. Kitu hakiwezi kuzinduliwa kikiwa wazi, Lwambo alieleza kwa upole. Lazima kwanza kifungwe. Wateja wakaombwa watoke. Aliyekuwa na bakuli aliambiwa aliache. Askari mmoja akaanza kuorodhesha kwa sauti: benchi sita, mabakuli arobaini, ndimu kumi na mbili, sufuria moja yenye supu nusu.

"Hiyo nusu naimwaga," Bi Siwatu akasema, akaishika sufuria.

"Acha! Imeshaandikwa."

"Bwana Lwambo, wewe unakula hapa kila siku. Unajua supu yangu hailali."

"Kanuni ya Tisa, Bi Siwatu. Kitu huzinduliwa kama kilivyofungwa. Hapa pameandikwa sufuria yenye supu. Nikizindua sufuria tupu itaonekana uchumi umeshuka, na mtu wa kuulizwa ni mimi. Unataka nishushe uchumi wa nchi kwa mabakuli ishirini ya makongoro?"

"Siku kumi na moja, jamani! Na joto hili!"

"Zitapita upesi tu."

Kifuniko kikawekwa, kikazungushwa lakiri, kikapigwa muhuri wa jiji wenye picha ya mwali wa jua. Mlango ukapigwa kufuli. Alasiri ile mbwa saba walikuja wakapanga foleni. Hawakuamini. Walikaa mpaka giza.

Siku ya pili Bi Siwatu alikwenda ofisini. Dirisha la Fursa Zilizopo likamwambia fursa yake haipo, kwa kuwa haijazinduliwa. Aende Dirisha la Fursa Zijazo. Dirisha la Fursa Zijazo likasema litafunguliwa wakati ujao. Siku ya tatu harufu ilikuwa imeshavuka barabara. Siku ya tano kinyozi akahamishia kiti chake mtaa wa pili, na mama wa mihogo akaacha kuja kabisa. Kona ambayo ilikuwa haina pa kuweka mguu ikabaki na askari mmoja, kitambaa puani, akilinda ukuaji. Nzi walikuwa wengi mpaka mabati yakaonekana yanatembea.

Siku ya nane kifuniko kikaanza kuinuka.

Hakuna moto, hakuna kuni, lakini sufuria ilikuwa inachemka. Ilikuwa inavimba, inapumua, lakiri imepasuka upande, na kwenye ule ufa kulikuwa kunatoka povu la kijani lenye sauti. Askari akachungulia mlangoni, akatoa taarifa. Bwana Lwambo akaja, akasimama mbali, akaandika kwenye daftari lake kwamba uzalishaji unaendelea vizuri pasipo matumizi ya nishati. Kisha akaagiza lakiri nyingine, chupa sita za marashi, na mabunda mawili ya maua ya plastiki.

Bi Siwatu alimngoja nje ya uzio uliozungushiwa kibanda. "Baba, nisikilize. Sikuombi unifungulie. Niruhusu nipike nyingine alfajiri ya siku hiyo, mpya, niitie humohumo. Waziri hatajua."

"Orodha itajua. Orodha inasema supu ya siku ya kufungwa."

"Itaua watu."

Lwambo akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Bi Siwatu, siku ile wewe utasimama pembeni, utavaa kitenge tutakachokupa, utapiga vigelegele. Ukifanya hivyo, jioni unakabidhiwa ufunguo na cheti. Ukitamka neno lingine lolote, kibanda hiki hakitafunguliwa mpaka mimi nastaafu. Na mimi bado kijana."

Hakulala usiku huo, wala uliofuata. Upande mmoja kibanda cha miaka kumi na tisa. Upande wa pili jina. Wakila wakaanguka, nani atasema ilikuwa supu ya Kanuni ya Tisa? Itakuwa supu ya Siwatu, mtoto wa Mama Mharo.

Siku ikafika. Mahema meupe, zulia jekundu juu ya tope la machinjio, vikundi vitatu vya ngoma, wanafunzi walioletwa tangu saa kumi na mbili asubuhi kusimama juani na vibendera. Watu mia nne, kila mmoja anapumua kwa mdomo. Marashi yalikuwa yamechanganyika na ile harufu yakazaa ya tatu, ya peke yake, kama maiti anayekwenda harusini. Bi Siwatu akasimama pembeni na kitenge chenye sura ya Waziri. Jicho moja la Waziri lilikuwa limemkalia ubavuni, jingine tumboni.

Mheshimiwa Waziri alikuwa mtu mfupi aliyejaa, mwenye walinzi warefu. Hotuba yake iliandikwa makao makuu kabla hajajua anakwenda kuzindua nini, kwa hiyo ilifaa.

"Ndugu wananchi! Sambwarika ya leo si ile ya jana! Ya jana si ile ya juzi! Na ile ya juzi, Serikali inaichunguza! Wawekezaji wananiuliza, Mheshimiwa, fursa ziko wapi? Nawaambia, nenda Sambwarika, fuata pua yako!"

Makofi. Akakata utepe kwa mkasi wa dhahabu. Kufuli likafunguliwa, mlango ukasukumwa, na mashada ya nzi yakatoka kwanza, kama wapambe. Askari wanne wakaileta sufuria nje na kuiweka mezani juu ya kitambaa cheupe. Muhuri ukavunjwa. Kifuniko hakikungoja kuinuliwa, kilijirusha chenyewe kikamgonga mpiga tarumbeta.

Sitaeleza kilichokuwa ndani, kwa ajili ya wanaosoma wakiwa wanakula. Kilikuwa kinatembea, inatosha.

Waziri alitazama ndani. Jasho likamtoka kwenye pua. Lakini ratiba ilisema mgeni rasmi ataonja, na kamera saba zilikuwa zimeshawashwa, naye tangu aingie kwenye siasa hakuwahi kuwa mtu wa kwanza kusema kitu kinanuka. Meya alikuwa akimtazama Waziri. Mkurugenzi alikuwa akimtazama Meya. Wajumbe wa baraza la jiji, kumi na wanane, walikuwa wakimtazama Mkurugenzi, na kila mmoja alikuwa amekunja uso wake kwa kiasi kilekile cha aliye juu yake, hakuna zaidi.

Bakuli la kwanza likajazwa. Hapo Bi Siwatu akatembea mbele, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mimi ndiye Siwatu. Sufuria ni yangu, supu ilikuwa yangu siku ya kwanza. Hii siyo. Hii imeoza siku kumi na moja kwa amri ya ofisi, na mimi niliomba kuimwaga nikakatazwa. Msile. Mtu asije akasema kesho kwamba alikula kwangu."

Uwanja ukatulia mpaka povu likasikika. Lwambo akampokonya kipaza sauti, meno yote nje.

"Mama amezidiwa na furaha, Mheshimiwa! Ndivyo wajasiriamali wetu walivyo, wanyenyekevu!"

"Apigiwe makofi mama!" akasema Waziri, kwa sauti ya mtu aliyepata pa kutokea. Akapigiwa. Askari wakampeleka pembeni kwa heshima, viwiko vyake vikiwa nyuma ya mgongo. Na Mheshimiwa Waziri akafumba macho, akanywa.

"Ina..." akasema. Akameza tena kile kilichokuwa kinarudi. "Ina ladha ya uzalendo!"

Basi wote wakataka. Meya akanywa bakuli zima kwa sababu uchaguzi ulikuwa karibu. Mkurugenzi akaomba ya kuongeza. Mjumbe mmoja alilia akisema inamkumbusha bibi yake, na haikujulikana kama bibi huyo alikuwa hai. Walilamba vijiko. Wananchi mia nne walisimama nyuma ya kamba wakiwatazama viongozi wao wakila funza kwa itifaki, na hakuna mtu wa Machinjioni aliyeomba hata tone. Walikuwa wamemsikia Bi Siwatu.

Ni Bwana Lwambo peke yake aliyekuwa hana bakuli. Alikuwa ameshika mkasi kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa.

Wimbo wa taifa haukufika ubeti wa pili. Waziri alishika tumbo, akanong'ona kitu kwa mlinzi, mlinzi akapaza sauti, "Choo kiko wapi?" na Mheshimiwa akakumbuka mwenyewe. Mwaka juzi alikata utepe wa vyoo vya milango arobaini, si mbali, ng'ambo ya barabara! Akatoka mbio. Meya akafuata, Mkurugenzi, baraza zima na mpambe wa kubeba kiti, suti zinapepea, na vikundi vya ngoma vikadhani ndiyo sehemu ya ratiba vikawafuata vikipiga.

Waziri akashika kitasa. Akashika tena. Akashika cha pili.

"Wa kwako ni ule wa saba, Mheshimiwa!" Chaurembo akamwitia kutoka kwenye umati. "Nilikutilia kitasa cha dhahabu!"

Serikali nzima ya Sambwarika ilijipanga kwenye ukuta ule ikiparura rangi kwa kucha. Halafu haikuparura tena. Mbuzi walihama.

Tume iliundwa. Ilikaa wiki tatu na kuona kwamba supu ilikuwa salama, kwa kuwa siku ya kufungwa ilikuwa salama. Kwamba vyoo vilikuwepo, kwa kuwa vilizinduliwa mara tatu. Na kwamba kilichowapata viongozi ni upepo mbaya kutoka nchi jirani. Mwaka ule Sambwarika ilipewa ngao ya Jiji Linalokua. Ukuta uliopakwa ulizinduliwa kama kumbukumbu. Na kibanda cha kona ya Machinjioni, Lwambo alishika neno lake, kilipigwa kufuli mpya, bango likasimikwa mbele yake: ENEO LA FURSA, USISOGEE. Cheti kiliandikwa jina la mtu mwingine.

Bi Siwatu alilia siku mbili. Alilia mabenchi yake. Siku ya tatu Chaurembo, kinyozi na mama wa mihogo walibisha hodi wakiwa wamebeba sufuria mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Tulikusikia, Bi Siwatu," akasema mama wa mihogo. "Mbele za watu wote. Sasa tunakula wapi?"

Akaweka jiko uani kwake, chini ya kamba ya nguo. Wiki ya kwanza walikuja sitini. Walikaa kwenye ndoo, kwenye ngazi, juu ya mawe ya kufulia, na hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lolote ila lake.

Jioni moja, adhana ya alasiri inamalizikia, wateja wameondoka, mlango wa ua ukasukumwa. Bwana Lwambo. Suti ileile, imemlegea. Mkononi hakuwa na mkasi. Alikuwa na bakuli.

"Shikamoo, Bi Siwatu."

"Marahaba."

"Nimekonda, unaniona? Mji huu hauna pa kula." Akamsogelea, akashusha sauti kama siku ile ya uzio. "Na nilitaka ujue kitu, tusije tukawekeana vinyongo. Mimi siku ile sikula hata kijiko. Nilijua imeoza."

Bi Siwatu akamtazama. Alikuwa amekwisha kumchukia, alidhani amefika mwisho wa kumchukia. Kumbe chuki ilikuwa na chumba kingine. Wale waliokula alikuwa akiwaonea kinyaa. Huyu, kinyaa hakikumtosha.

Akatazama ndani ya sufuria. Ilikuwa imebaki kama bakuli moja na nusu, ya moto, na kongoro moja limeelea.

"Imebaki," akasema Lwambo, shingo ndefu.

"Imebaki. Ina wenyewe."

Akaonesha kwa kidevu. Kwenye kivuli cha ukuta wa ua mbwa saba wa machinjioni walikuwa wameketi mmoja nyuma ya mwingine, wametulia, macho kwenye karai. Bi Siwatu akachukua upawa, akasimama, akangoja.

Lwambo akawatazama mbwa. Akaitazama supu. Akageuka nyuma kuona kama kuna mtu mlangoni. Hakukuwa na mtu. Basi akavuta suruali magotini isije ikakunjika, akaenda akachutama nyuma ya mbwa wa saba.